Magunia ya Dorkasi

Gunia la kwanza lilipofunguliwa, fundi cherehani alirudi nyuma mpaka akajigonga kwenye kabati la vitabu vya nyimbo. Harufu ilimpiga kama kofi: jasho lililolala, mkojo wa panya, na kitu kingine kilichooza ambacho hakutaka hata kukijua jina.

"Mama yangu! Wifi, kuna mtu amefia humu?"

Wifi yake, dada wa mumewe na mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani, alicheka huku amebana pua. "Acha deko. Nguo za msaada ndivyo zilivyo."

Mwezi mzima mchungaji alikuwa akifundisha habari za Dorkasi, yule mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo. Alipofariki, wajane wale walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu alizowashonea. Fundi aliyapenda mafundisho yale kupita kiasi. Mitume, manabii na wafalme alikwishasikia habari zao wote, lakini huyu alishika sindano kama yeye. Waumini nao wakaguswa, wakaleta magunia. Na haya ndiyo waliyoleta.

Alichambua kwa ncha za vidole. Suruali iliyotatuka matakoni. Soksi zisizo na jozi. Sidiria iliyoota ukungu. Shimizi yenye doa la kahawia lililokauka likawa gumu kama gamba. Alipoikung'uta, vikadondoka vinyesi vya panya, vikamwagikia miguuni. Mate yakamjaa mdomoni.

"Hizi tuzichome," alisema.

"Tuchome sadaka za watu? Maskini hachagui, wifi yangu. Zenye nafuu tunaweka juu, hizo nyingine chini. Kila mjane furushi lake, tunafunga na utepe, tunapiga picha, kwisha."

"Wewe ungeivaa hii?"

"Mimi si mjane."

Fundi aliitupa shimizi sakafuni, akaenda bombani akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alitamani kwenda kwa mchungaji amweleze, lakini akashika njia ya nyumbani. Wifi ni wifi. Ukimwaibisha leo, kesho unamkuta sebuleni kwako anakunywa chai na kaka yake. Akafika nyumbani, akapakua chakula, akakiangalia, akakifunika.

Jumapili wajane waliitwa mbele, kila mmoja akapewa furushi lenye utepe mwekundu. Mchungaji, ambaye hakuwahi kuyaona magunia yale, alijaa furaha, akapaza sauti.

"Wajane wa Yafa walionyesha nguo zao! Na ninyi, mama zetu, fungueni mtuonyeshe!"

Wifi aliinuka nusu. "Mchungaji, si wangefungulia nyumbani tu..."

"Hapana, mama! Jambo jema halifichwi!"

Tepe zikafunguliwa. Zikainuliwa blauzi zilizowekwa juu, kanisa likapiga makofi. Wajane, kwa utii, wakashika zilizofuata. Makofi yakapungua. Ikapanda suruali yenye tundu, ikapanda chupi ya kiume iliyolegea mpira. Mjane mmoja aliyeitwa Mama Fimbo, kwa sababu ya mkongojo aliotembelea, akainua shimizi ile ile. Mwanga wa dirishani ukapita kwenye kitambaa chote isipokuwa penye doa. Kutoka ndani ya furushi lake kikadondoka kitambaa cha kufutia pua, kimekakamaa kwa makamasi ya mtu, kikatua juu ya kiatu cha mchungaji.

"Na hicho nacho nikiinue, baba?" Mama Fimbo aliuliza. Hakuwa anatania hata kidogo.

Kwenye kwaya mtu akaangua kicheko, akakimeza. Mchungaji aliichukua shimizi, akaisogeza karibu na uso, akaiondoa haraka kama aliyeng'atwa.

"Nani ameleta uchafu huu?"

Watu wazima wote wakaanza kukagua viatu vyao. Mama mmoja wa viti vya mbele, ambaye shimizi ile aliijua vizuri kuliko mtu yeyote, akafungua kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu, akakisoma.

"Fundi ndiye aliyechambua," wifi akasema.

Fundi akasimama. Masikio yalimwaka moto. "Kweli, nilichambua. Nikaona kinyaa, nikanawa mikono, nikaenda zangu. Na wewe wifi ukazifunga utepe."

Ibada iliishia hapo. Hakuna aliyekuwa na uso wa kuimba. Magunia na mafurushi yalichomwa nyuma ya vyoo, na moshi wake ulinuka vibaya kuliko nguo zenyewe. Wifi hakumsalimia fundi tena. Mume wa fundi alimlaumu mkewe kidogo, kisha naye akakiri dada yake amezidi.

Wiki hiyo fundi alinunua kitambaa kipya, akaenda kumpima Mama Fimbo. Alikwenda na moyo mkunjufu, akijiona Dorkasi kabisa. Mlango ulipofunguliwa, moyo ule ukanywea. Chumba kilikuwa hakina dirisha, na mguu wa bibi ulikuwa na kidonda kibichi kinachotoa usaha, kimefungwa kwa tambara lililogandamana na nyama. Inzi walikuwa wamelijaa.

Fundi alizungusha tepu kifuani mwa bibi huku amegeuza uso pembeni.

"Umeziba pumzi, mwanangu," Mama Fimbo akasema.

"Hapana, bibi."

"Umeziba. Mwenyewe huwa naziba nikikifungua. Pumua tu, utaanguka bure hapa."

Fundi akapumua. Uvundo ukamwingia hadi tumboni. Akaweka tepu kitandani, akatoka mbio, akatapika kando ya ukuta mpaka ikabaki nyongo tupu. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alimwangalia, akatikisa kichwa. Fundi aliomba maji, akasukutua, akajifuta kwa kiganja.

Kinyaa kilikuwa bado kipo, hakikupungua hata chembe. Akamwomba yule jirani beseni, maji ya moto na chumvi. Kisha akarudi ndani, maana mikono ya gauni alikuwa hajaipima, na tambara lile lilihitaji mtu wa kulibandua.