Vijiti vya Mama Kanini

Vijiti viwili vilitua juu ya kaunta, na sauti ya mama mmoja ikavifuata: "We domo, amka! Ama unalipwa kulala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi, Januari ya kufungua shule, katika duka la viatu la Salat pale Mutomo, na miguu yangu yenyewe ilikuwa imeanza kunikana. Kufikia mchana nilikuwa nimeshaitwa mwizi, kiziwi na mtoto wa mbuzi. Mzee mmoja alinirushia kiatu, akaniambia nikivae kichwani. Nikatabasamu. Tabasamu la kazini ni kama soksi: ukilivaa kutwa, jioni linanuka.

Kwetu mtoto haletwi dukani kupimwa. Nauli ni ya mtu mmoja. Unakata kijiti urefu wa wayo wake, unakifunga kwenye leso, unakuja nacho. Mimi nakitia ndani ya kiatu na kuacha nafasi ya kidole kimoja cha kukua. Siku hiyo nilikuwa nimepokea vijiti vya kuivisha sufuria nzima ya mahindi ya muthokoi.

Asubuhi Salat alikuwa ameniita kando. Utani wangu ulikuwa umeshamfukuzia wateja wawili.

"Nyamai," alisema bila kupandisha sauti, "mteja mwingine akitoka hapa mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wako, mfuate. Na usirudi."

Kazi hiyo ndiyo iliyomweka dadangu Ndunge shuleni. Kwa hivyo nilipaswa kunyamaza. Lakini kati ya vile viwili vya yule mama, kijiti kimoja kilikuwa kirefu kuliko kingine kwa vidole viwili, na mimi nilikuwa nimechoka, na mchovu hana breki.

"Mwaitu, mama yangu, hawa ni watoto wawili?"

"Ni mmoja. Kanini. Leta viatu, wacha maswali."

"Mmoja? Kumbe mguu mmoja umetangulia sekondari!"

Duka zima likacheka. Hata yule mzee.

Mama hakucheka. Hakutukana pia, na hapo ndipo nilipojua nimekosa. Aliviokota vijiti vyake, akaanza kuvifunga tena kwenye leso, polepole, kama mtu aliyezoea fundo hilo.

"Kule Ikutha walicheka," alisema. "Kitui wakacheka. Amezaliwa hivyo. Anavaa vikubwa vyote viwili, kimoja anakijaza matambara. Nilidhani huku mmechoka kucheka."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Salat aliacha kufunga maboksi, akanitazama.

Niliruka kaunta. "Mwaitu, keti. Tafadhali."

Akarudi, akaketi ukingoni mwa benchi. Nilishusha maboksi mawili, nikatoa cha kushoto huku, cha kulia kule, nikatia kila kijiti mahali pake. Kila kimoja kilibakisha kidole. Nikavifunga viatu hivyo viwili kwenye boksi moja, na Salat akamwambia alipe kama pea moja.

Hakushukuru. "Vikimbana," aliniambia, "nitarudi nikung'oe hayo meno unayochekea." Akatoka.

Salat alivichukua vile viwili vilivyobaki, pea isiyo na mwenyewe, akavitundika juu ya kaunta, mahali ninapoviona kila nikifungua mdomo.

Ni miaka sita sasa. Kila Januari mama yule alirudi na vijiti vyake na matusi mapya, nami nilivipokea vyote kimya, nikashusha maboksi mawili. Wengine bado wananiita kiziwi. Vile viwili vya juu vimeshika vumbi hadi vimefanana rangi na ukuta.

Mwaka huu aliingia msichana mrefu, bila kijiti. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu yote miwili mbele ya watu.

"Mama amesema hapa kuna mtu ana domo."

"Ni mimi."

Akanikagua. "Amesema lilipona."

Nilichuchumaa, magoti yakalia kama mlango wa zizi, nikaanza na ule mdogo.