Watatu Kabla ya Kengele

"Jumatatu saa nne kengele ikilia, humu ndani kusipokuwa na wanafunzi watatu, Kihungari kimekufa. Nafunga chumba." Msajili wa chuo alisema hivyo huku ananichekea mimi, maana mwanafunzi nilikuwa peke yangu.

Shangazi, mwalimu pekee wa Kihungari aliyebaki, aliendelea kufuta ubao. Mimi kunyamaza siwezi.

"Nunua kufuli zuri basi, mzee. Litakaa miaka bila kazi."

Nilikuwa nimemaliza shule, nina miezi minane nyumbani, kila mtu ananitafutia maisha. Baba ni fundi magari, anataka niingie gereji. Nilipomwambia nimejiandikisha Kihungari alitoa kichwa chini ya gari.

"Kihungari? Utaongea na nani, kuku?"

Na lugha hiyo imemlisha! Zamani mabasi ya mji huu yalitoka Hungari, na vitabu vyake vya matengenezo havikuwa na msomaji. Ndiyo chuo kikaanzishwa, kwenye kiwanda cha nyuzi kilichokufa. Mpaka leo sakafuni kuna mashimo ya boliti za mashine. Walianza wanafunzi tisa, lugha tatu, watatu watatu, wakaandika sheria: penye watatu siku ya kwanza, darasa lipo mwaka mzima. Babu alikuwa mmoja wa hao tisa. Alitafsiri kitabu cha basi ukurasa kwa ukurasa, Kihungari kushoto, lugha yetu kulia. Baba alijifunzia ufundi humo. Bado anacho, kimelowa grisi.

Siku hizi chuo kina ghorofa nne. Juu kuna vibanda vya vioo, watu wamevaa visikilizio wanatafsiri hotuba msemaji akiwa bado anasema. Chini wanatafsiri vyeti na karatasi za mahakama. Kichina wamejaa hadi wanakaa madirishani. Sisi tuko chumba cha mwisho, jirani na choo.

Nikaanza kuwinda watu. Dada yangu msusi alikubali, ila nimfulie taulo za saluni mwezi mzima. Haya. Wa tatu alikuwa rafiki yangu Mrefu, aliapa hadi machozi. Jumatatu saa nne kasorobo akapiga simu.

"Kaka, wamenipa nafasi Kichina. Usinichukie."

"Nakuchukia," nikakata.

Msajili alikuwa ameshasimama mlangoni, kufuli mkononi, kubwa kama la ghala. Dada akaninong'oneza, "Sasa taulo zangu utafua au hutafua?" Shangazi akafungua daftari la mahudhurio taratibu, kama darasa limejaa. Zilibaki dakika tatu.

Tukasikia buti. Baba akaingia na ovaroli lake, kitabu cha babu kwapani.

"Kaka," Shangazi akasema, "hapa siyo gereji."

"Naona. Naandikwa wapi?"

Msajili akaruka. "Lazima awe na cheti cha sekondari!"

Baba akatoa kifuani mfuko wa nailoni wenye grisi, ndani cheti, kimekunjwa mara nne. Msajili akakitoa, akakigeuza mbele na nyuma. Akakirudisha kina alama ya dole gumba la grisi, na safari hii siyo la baba, ni lake mwenyewe.

"Ulisema ni lugha ya kuongea na kuku," nikamwambia.

"Nyumbani sina kuku? Kaa chini."

Shangazi akaita majina. Mimi nikaitika kwa Kihungari, dada akaniiga. Shangazi akafika kwa baba.

"Fundi!"

Baba akakuna kichwa, akafungua kitabu, akanguruma, "Fék!"

Shangazi akacheka hadi chaki ikamdondoka. "Kaka, hiyo ni breki!"

"Ndiyo ninayoijua. Iko ukurasa wa kwanza."

"Yupo," akasema, akaandika. Kengele ikalia wino haujakauka.

Msajili akamkazia baba macho. "Umekuja leo tu. Kesho je?"

"Gereji ina vijana. Mimi kila siku nipo. Na hiki kiti chenu kimelegea, kesho nakuja na spana."

Msajili akalisokomeza kufuli mfukoni, koti likalala upande mmoja, akaondoka hivyohivyo, bega chini, korido nzima.