Palizi ya Wana-Mizani

Nilikuwa mstari wa mia nne na kumi na mbili, natafuta mahali programu inapokataa lumbesa, mke wangu, Mama Noel, alipoingia na jembe akaliegemeza kwenye meza ya kompyuta.

"Magugu yamefika magotini," alisema. "Magoti yangu, siyo ya mtoto."

"Kesho, Mama Noel."

"Jumatatu pia ulisema kesho."

Ni kweli nilisema. Programu yenyewe inaitwa Mizani. Niliiandika mwaka 2001, baada ya mradi mmoja kuwagawia wakamuaji wa alizeti kompyuta zilizotumika, zikiwa na programu iliyogoma siku ya thelathini na kudai inunuliwe. Mizani hupokea uzito wa magunia na kukadiria mafuta na mashudu. Niliitoa bure, na yeyote aliyetaka kuifungua, aone ilivyoandikwa na kuirekebisha, niliruhusu. Kufikia 2004 ilikuwa kwenye mashine kumi na tisa, kutoka Unyambwa hadi Shelui. Walioifungua kuona ndani walikuwa wawili. Mmoja aliifungua kwa bahati mbaya.

Kosa la lumbesa lilikuwa langu. Niliiambia Mizani kwamba gunia la alizeti halizidi kilo sabini, kwa kuwa waraka wa vipimo ulisema hivyo. Lakini huku kwetu gunia hushindiliwa kwa miguu, likajazwa tena na kushonewa kilemba juu; ndiyo lumbesa. Mizani ikiona kilo tisini hudhani karani amekosea, inafuta. Mkulima aliyeleta gunia kubwa kuliko wote akaonekana hakuleta kitu.

Simu zikaanza. Kwa kawaida huzipokea Radhia, muuza kanga wa sokoni, aliyejifunza Mizani kwenye mashine ya mjomba wake na kwa miaka miwili akawa anaelekeza kila aliyekwama. Hakuna aliyemtuma. Mimi niliiandika; yeye ndiye aliyewafanya watu waielewe. Lakini kosa hili lilikuwa la ndani, akawaelekeza kwangu.

Nikaenda kwenye kikao cha wakamuaji. Nilisema polepole kwamba kuna mambo mawili, kupalilia na kurekebisha, na mimi ni mmoja. Wakinilipa wiki mbili, nitaweka vibarua shambani na kumaliza lumbesa.

"Naftali, mwanangu," alisema mwenyekiti, Mzee Mrisho, "kwani kile kitu siyo cha bure?"

"Ni cha bure, mzee. Ila mimi ninakula."

"Si ulikuwa unakula hata kabla hujakiandika?" alidakia Gasto wa Shelui. Watu wakacheka. Nilikubali moyoni kwamba hoja yake ilikuwa na ukweli.

Radhia akasimama. "Sipingi kaka Naftali apewe. Nauliza tu. Mtu akinipigia nikiwa na mteja, nimwambieje? Kwamba wa kulipwa yupo, ampigie huyo? Nilikuwa napokea kwa sababu wote tunajitolea. Mkimlipa mmoja, na mimi nitaanza kujiuliza."

Nilimwona ana haki. Nikakumbuka magugu, nikajiona na mimi nina haki.

Mzee Mrisho akapata jibu. Pesa hapana, tufanye kama baba zetu. Jumamosi wanachama wote waje kunipalilia, mimi nikae kwenye kompyuta. Wakapiga makofi, kisha wakapanga foleni kusaini posho ya kikao. Jina langu halikuwamo kwenye orodha, kwa kuwa mimi nilikuwa ajenda.

"Wangapi?" aliuliza Mama Noel.

"Thelathini na wanane."

Akakaa chini. Anayepaliliwa ndiye anayelisha. "Vibarua wanne wangekula kidogo kuliko hawa," alisema, akaenda kukamata majogoo. Ijumaa nzima nilibeba maji na kuni.

Jumamosi saa mbili walifika. Nilipoelekea ndani, jirani yangu Mzee Antipasi akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Kwenye kompyuta."

"Marahaba. Wageni wainame juani, mwenye shamba akae kivulini? Shika mstari wa kwanza."

Nikashika. Gasto akachukua mstari wa pembeni yangu.

"Fundi, mashudu yangu yanatoka chini ya sifuri."

"Umeingiza mafuta kabla ya mbegu."

"Kumbe! Na printa inayotafuna karatasi?"

"Printa sikuitengeneza mimi."

"Lakini si upo hapa?"

Nyuma yake walikuwa watano, kila mmoja na swali. Majembe yao yalisimama wakisubiri zamu.

"Njooni huku!" Radhia aliita kutoka mstari wa tatu. "Mwacheni apalilie. Na wewe Gasto, hilo uliloling'oa ni alizeti."

Gasto alilitazama. Alikuwa amekamua alizeti miaka kumi. Hakuwahi kuiona ikiwa na majani.

Saa saba wakala. Saa nane wakakumbuka basi la Shelui, swala ya msikitini, mgonjwa wa kutazamwa. Mzee Mrisho alinishukuru kwa chakula na kusema sasa sina kisingizio. Nusu ya shamba ilikuwa safi, mahali pengine safi kupita kiasi.

Radhia alibaki akiosha miguu. "Kaka, hiyo lumbesa iko wapi humo ndani?"

Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Alisoma mstari kwa kidole, bila haraka.

"Niweke mia na ishirini badala ya sabini?" niliuliza.

"Watashindilia mia na thelathini. Unawajua." Akafikiri. "Isifute. Imuulize karani kama ana hakika."

Kwa miaka mitatu sikuwa nimeliwaza hilo. Lakini kulikuwa na sehemu sita za kubadilisha, na jua lilikuwa linashuka.

"Kesho nitakuja saa moja," alisema. "Mimi nisome hii, wewe ukapalilie. Ukikwama na jembe usiniulize."

"Sina cha kukulipa, dada."

"Nimekuomba? Ila jina langu uliandike humo ndani, chini ya lako."

Nikaliandika palepale.

Mama Noel alikuwa mlangoni. "Kesho anakuja nani?"

"Radhia peke yake."

"Mmoja? Huyo aje hata mwezi mzima."

Alilichukua jembe, akaenda kulisimika kwenye mstari tulipoishia, ili asubuhi nisije nikasema sikupaona.