Bakuli la Kuonja

Jumamosi asubuhi mpishi alipanda mizani akiwa amebana pumzi, kana kwamba hewa nayo ina kilo zake. Mshale ukayumba, ukatulia pale pale: tisini na nne. Wiki ya saba hiyo. Kutoka mia na sita alikuwa ameshuka vizuri, hadi majirani wakaanza kuulizana kulikoni, kisha mwili ukagoma kama punda.

Wala hakuwa anatafuta urembo. Goti la kulia lilikuwa limekwisha, na daktari alishasema bila kupepesa macho: "Mama, ufike tisini ndipo nikupasue. Ukija na zaidi, nafasi yako nampa mwingine, wewe usubiri mwaka." Mwaka mzima kusimama kwa mguu mmoja mbele ya masufuria manne ya kantini ya kiwanda! Na miadi ilibaki wiki saba tu.

Kwanza alishuku mizani. Akaiwekea mfuko wa unga wa kilo kumi, ikasoma kumi. Akaugeuza mfuko kichwa chini: kumi. Basi kama mizani haina kosa, kuna mtu ana kosa. Na nyumbani anayepika chakula cha jioni ni mmoja tu, wifi yake, mdogo wa mumewe.

Dalili alizijua. Wifi alifunga mlango wa jiko kila alipopika. Wifi aliimba chini chini. Wifi alimwambia, "Pole wifi, hizo kilo hazina adabu," na mpishi alikuwa tayari kuapa kwamba kwenye kona ya mdomo kulikuwa na kicheko.

Akachukua kalamu, akachora kamstari kwenye chupa ya mafuta, nyuma ya karatasi yake. Kesho yake mafuta yalikuwa yameshuka kidole kizima. Keshokutwa, kidole kingine. Mboga za kuchemsha gani zinakunywa mafuta hivyo?

Siku ya tatu wifi alitoka jikoni na chupa mkononi.

"Wifi, huu mstari wa nini?"

"Mstari gani?"

"Usinitanie. Umenitegea kama panya?"

"Nambie kwanza mafuta yanakwenda wapi."

Wifi akamshika mkono, akamwingiza jikoni, akafunua beseni. Chini yake kulikuwa na sahani ya viazi vya kukaanga.

"Vyangu na kaka. Nafunga mlango usisikie harufu ukateseka. Miezi mitano nakuchemshia mboga, kaka analalamika nyumba inanuka wodi, kumbe mimi ndiye mchawi wa kilo zako!"

Mpishi aliangalia viazi, akaangalia vidole vya wifi vilivyorukiwa na mafuta. Akakosa pa kuiweka shuku yake.

"Na kazini nani anakuchunga?" wifi akauliza.

"Kazini sili. Nabeba changu."

"Huonji?"

"Kuonja ni kazi, wifi. Kuonja si kula."

Wifi akamkabidhi bakuli lenye mfuniko. "Kesho kila ukionja, kiasi hicho hicho kitie humu. Jioni uniletee."

Mpishi alilichukua ili amwaibishe. Alionja kama alivyozoea miaka yote: upawa kwenye kiganja, kiganja mdomoni. Mchuzi, chumvi. Mchuzi tena, chumvi imeingia? Maharage, yameiva? Wali, kiganja kimoja. Nyama, kipande cha juu chenye mafuta, maana ndicho kinachosema ukweli.

"Mpishi, unamlisha nani?" akauliza mwenzake, mkata vitunguu. "Au una mimba uzeeni?"

"Kata vitunguu vyako."

Kabla ya saa saba mfuniko haukufunga tena. Alibaki analitazama bakuli kama mtu aliyekutana na mwizi aliyevaa nguo zake. Akalipeleka kwenye sinki amwage nusu. Nani angejua? Akainama, goti likampiga mshale hadi kiunoni. Akalifunga bakuli kwa kitambaa, akaenda nalo nyumbani.

Wifi hakucheka. Aliuliza tu, "Na matembezi yako?"

"Nazunguka ukuta wa kiwanda kila siku."

"Mwendo ule ule, mnapiga soga na wenzako? Mwili umeshazoea, kama mke aliyezoea kelele za mume. Kuanzia kesho natembea nawe, na hutapata pumzi ya umbea."

Tangu hapo mpishi alionja kwa ncha ya kijiko cha chai, mara moja kwa kila sufuria. Chumvi ya pili aliionja mkata vitunguu. Jioni walitembea mbiombio hadi goti liseme basi, kisha akakaa kitini na kunyanyua chupa mbili za maji, wifi akihesabu na kamwe asiruke namba.

Siku ya miadi muuguzi alimpandisha mizani. "Themanini na tisa na nusu."

Mpishi hakushuka. Aliinama, akachungulia chini ya mizani.

"Dada, hii mmeipima lini mara ya mwisho?"

"Mama, unalalamika umepungua?"

"Andika tu, dada," wifi akasema kutoka mlangoni. "Ukimwachia, atakuomba mfuko wa unga."