Mafuta ya Kurudishwa

Nimefanya kazi ya udobi tangu mwanangu hajaota meno, na mimi si mtu wa kuona kinyaa upesi. Nimefua mashuka ya wagonjwa na nguo za ndani za watu nisiowajua. Lakini siku ile, jikoni kwa wifi yangu, nilimwomba Mungu anisaidie nisitapike mbele ya mwenye nyumba.

Nilikwenda kwa shida yangu. Tangu hedhi ikome nina ukavu ukeni. Mume wangu akinisogelea naumia, basi najifanya nimelala. Wifi, dada yake, huuza mafuta ya asili kwa shida hiyo: nazi, karafuu na vitu vingine asivyovitaja. Wateja humwita Bi Teleza, naye huitika.

"Karibu wifi! Leo umekumbuka kwamba una mume?"

"Taratibu, dirisha liko wazi."

"Acha lisikie! Kaka yangu amekonda kama ufito."

Akavuta ndoo kutoka chini ya sinki, ilikokaa bega kwa bega na dekio. Alipoifunua, harufu ya mafuta yaliyochacha ilinipanda puani, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, ya nguo za ndani zisizofuliwa, ambayo haimpotei dobi.

Kabla sijasema neno, jirani alipitisha mkono mlangoni na chupa iliyobaki nusu. "Mume wangu amesafiri, shoga. Nibadilishie, nitachukua sabuni." Wifi akampa sabuni, akaimimina ile nusu ndani ya ndoo, akakoroga.

"Wifi! Hayo si ametumia?"

"Ametumia ya juu. Haya ni ya chini."

"Na anachovya vidole?"

"Sasa achovye nini, uma?"

Kwetu dobini hata soksi ya mtu haichanganywi na ya mwingine. Nilitazama ndoo. Unywele mfupi, uliojikunja, ulikuwa ukizunguka juu ya mafuta. Wifi akautoa kwa ukucha, akaupangusa kwenye gauni lake, kisha akachota kwa ule mkono.

"Shika. Mbona mwanao hakudeka hivi?"

"Mwanangu?"

"Tangu ajifungue, chumbani kwao ni msasa mtupu. Mambo hayo binti humwambia shangazi, si mama."

Niliiacha chupa mezani nikatoka. Njiani nilitema mate mara kwa mara kama mjamzito. Mwanangu alishonwa alipojifungua, na kidonda chake bado kibichi.

Nilimkuta ananyonyesha. Chupa ilikuwa rafuni, karibu na poda ya mtoto.

"Umeshayapaka?" nikauliza.

Aliitazama chupa, kisha ukuta. "Shangazi naye! Mdomo wake hauna kufuli. Mama, haya tusiyaongee."

"Umeyapaka?"

"Tangu juzi. Yanawasha. Shangazi anasema yakiwasha ndiyo yanafanya kazi."

Nikamweleza yote: ndoo, dekio, chupa za watu, unywele. Alimlaza mtoto, akakimbilia chooni, nikamsikia akitapika. Alipotoka nikamwambia twende zahanati. Akakataa. "Nitasema nini kule? Ni aibu. Bora nivumilie."

Moyoni nikasema, Ee Mungu, nipe ulimi. "Mimi pia ni mkavu," nikamwambia. "Leo nilikwenda kununua yale yale."

"Wewe? Na baba?"

"Na baba yako, ndiyo. Ulidhani uliokotwa?"

Alicheka huku machozi yakimtoka, akambeba mtoto, akachukua viatu.

Chupa niliimwaga mwenyewe, na nikanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikakunjamana. Hata hivyo, kwenye benchi la zahanati vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka karafuu.

Muuguzi akatoka. "Mgonjwa ni nani?"

Mwanangu akainamisha kichwa. Basi mimi nikasimama kwanza, nikasema kwa sauti, "Tuko wawili, dada. Shida ni ukavu, na mwenzangu kapakwa uchafu."