Birika la Bi Alawiya Lililopoteza Sauti

Juzi niliwategea wajukuu kitendawili: aliingia nyumbani maji, akakaa jiwe, akatolewa na ndimu. Wa kwanza akasema barafu. Wa pili akasema mafua, nikacheka hadi ushungi ukanivuka. Wakashindwa, wakanipa mji. Wamenipa Pate nzima na minazi yake, nami nimeikalia tangu siku hiyo. Haya, jibu lao ni hili.

Kenya ilikuwa imepata uhuru majuzi tu, nami nimeolewa nyumba ya jirani, papa hapa Amu. Mamangu, Bi Kulthum, alikaa upande mmoja wa uchochoro. Mavyaa yangu, Bi Alawiya, upande wa pili. Baina yao palikuwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili ghorofani. Nilikwenda kuolewa bila kukanyaga chini.

Nyumba ya mamangu ilikuwa na jabia la kukingia maji ya mvua, na kila asubuhi ndoo moja ilivuka wikioni kwenda kwa Bi Alawiya. Mume wangu Wazir, aliyefanya kazi Mombasa, akamletea mamake birika la filimbi. Likichemka lilipiga ukelele ukadhani kuna mtu kabanwa kidole mlangoni. Ukelele ule ndio uliokuwa mwaliko. Mamangu akiusikia, huvaa ndara akavuka kunywa chai.

Ndipo mfereji ukaja. Nyumba ya Bi Alawiya ikawa ya kwanza mtaani kuvutiwa bomba hadi ndani.

"Bi Kulthum, ndoo yako ipumzishe," akasema. "Mimi sasa maji nayafungua kwa vidole viwili."

Mamangu akacheka, lakini meno hayakuonekana.

Maji yenyewe yalikuwa meupe, ya kupendeza machoni. Ila sabuni ilikataa kutoa povu, ukasugua hadi mkono ukafa ganzi. Kanzu ya bamkwe, Bwana Mahmud, ikikauka kambani ilisimama kama ina mtu ndani. Birika nalo likazidi uzito, na jiko la mafuta ya taa likawa linachoka kabla chai haijaiva. Bi Alawiya hakutaka kusikia lolote juu ya bomba lake.

Kisha filimbi ikaanza kuugua. Kwanza ilikohoa. Halafu ikawa inapuliza fuu, fuu, kama mzee anayepoza uji. Mwisho ikanyamaza kabisa.

"Limepigwa jicho," akasema Bi Alawiya.

"Na nani, Mama?" nikamuuliza.

"Nani aliyesema birika langu lina sauti kumshinda muadhini? Na mashaallah hakusema!"

Aliyesema ni mamangu. Papo hapo Bi Alawiya akaenda wikioni, akautia mlango komeo.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imeshatimia. Na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mamake mama, hapana mjadala. Njia yangu ilikuwa mlango ule. Kwa kuzunguka ningelazimika kushuka ngazi zile za mawe zilizosimama wima, nitoke uchochoroni, nipande nyingine mfano wake, na uchungu umenishika. Tumbo lenyewe wakati huo lilikuwa likifika kila mahali kabla yangu. Nilikuwa nikilitazama lile komeo usingizi unanipaa.

Bi Alawiya akalifukiza birika udi. Likanukia kama bibi arusi, na kama bibi arusi halikusema neno. Akalifunga hirizi mkononi. Kimya. Hata akaishiwa, akausogelea mlango wa wikio na kupaza sauti:

"Bi Kulthum! Njoo ulitemee mate hili ulilolitia jicho!"

"Mate yangu yana kazi!" mamangu akajibu upande wa pili. "Nakamua ndimu za achari!"

"Basi na mjukuu wako atazaliwa ngazini!"

Nikasikia ndara zinakuja mbio.

"Fungua."

Komeo likatoka. Mamangu akaingia na bakuli lake la maji ya ndimu, mikono inamchuruzika, hata salamu hakutoa.

"Unataka mate yangu? Mate yangu ndiyo haya!" Akaimimina ndimu yote ndani ya birika. Akaichomoa filimbi mdomoni, akaitumbukiza humo humo. "Likiendelea kunyamaza, basi mimi ni mchawi, na anayekubebea mjukuu ni binti wa mchawi. Chagua!"

Alifanya hivyo kwa hasira, si kwa dawa. Lakini ndani ya birika kukaanza kuchacha: shhhhh.

"Audhubillahi!" Bi Alawiya akarudi nyuma hadi ukutani. "Linasema! Hadia, mwanangu, ondoka hapo!" akanipigia ukelele.

Hakuna aliyethubutu kuligusa hadi baada ya sala ya adhuhuri. Mamangu akalipindua juu ya sinia. Yakaanguka maganda meupe, mazito, kwa kishindo.

"Ndilo jicho langu hili, Bi Alawiya? Chukua basi upake ukuta."

Bi Alawiya akaokota kipande, akakivunja kwa kucha. Nyumba zetu zote zimepakwa chokaa, hapana mwanamke wa Amu asiyeijua. Akageuka, akalitazama bomba. Mdomo wa bomba ulikuwa umeota ndevu nyeupe za chokaa, ambazo sote tulikuwa tukipita tusizione.

Kisha akasema:

"Kumbe bomba ndilo lililonitia jicho."

Nilicheka hadi nikaogopa kuzaa palepale. Mamangu hakucheka. Alikuwa amesimama na bakuli lake tupu, anangoja.

"Hadia, nipe ndoo," akasema Bi Alawiya. "Wewe kaa. Nabeba mwenyewe."

Akavuka wikio, akasimama mbele ya jabia. Mamangu nyuma yake.

"Vile vidole viwili vimechoka?"

"Vimechoka, Bi Kulthum."

"Teka."

Filimbi iliosha koo siku ile ile. Na uchungu uliponishika, Bi Alawiya hakupaza sauti wala hakutuma mtu. Alilitia birika maji ya mvua, akaliweka jikoni. Lilipopiga ukelele mamangu alivuka mbio na ndara moja. Wakanishika huyu huku, huyu huku, tukapita wikioni taratibu, nao juu ya kichwa changu wanagombania jina la mtoto.

Na komeo? Bi Alawiya alilitumia miaka yote kugongea bomba, kuling'oa ndevu.

Haya wajukuu, Pate yenu nawarudishia. Minazi miwili nabaki nayo, faini ya yule aliyesema mafua.