Karata za Kwenye Kioo

Kwenye saluni ile, mteja aliyeingia bila kutaja msusi wake hakuwa wa aliye karibu na mlango, wala wa mkubwa kwa umri. Alikuwa wa yule aliyeshinda karata ya mwisho. Ndivyo wasusi watatu walivyokubaliana zamani, baada ya kugombania kichwa cha mama mmoja mpaka mama mwenyewe akachukua mkoba wake akaenda zake.

Povu hakuwamo kwenye makubaliano hayo. Yeye alikuwa wa kuosha vichwa na kufumua, ndiyo maana wakampa jina hilo. Kusuka alijua. Mikono yake ilijua mistari, ilijua rasta nyembamba, na wadogo zake nyumbani walikuwa wamesukwa mpaka wakawa wakimwona ameshika chanuo wanakimbilia chooni. Ila hapo saluni hakuna mteja aliyewahi kuionja mikono hiyo. Halafu siku moja mwenye saluni akapita, akasema maneno yake amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Povu, mwezi ujao mpwa wangu anakuja kuosha vichwa. Ukiwa na wateja wanaokuulizia wewe, kiti unacho. Ukiwa huna, mwanangu, tutaagana vizuri."

Tangu hapo Povu alitaka kitu kimoja tu, kichwa kimoja cha kuanzia. Na njia ya kukipata ilipita kwenye ile meza ndogo ya nyuma.

"Dada Rula, nifundishe karata."

Rula ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa akigawa nywele kwa mistari iliyonyooka hata fundi seremala angeona wivu. Hakuinua macho.

"Tuko watatu na wateja tunagawana kwa shida. Nikufundishe uwe wa nne? Mdogo wangu, nimelogwa?"

"Mwache na sabuni yake," akasema Kasuku, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Wa tatu wao, waliyemwita Bibi Harusi kwa sababu alikuwa mbioni kuolewa, alicheka huku akipanga karata zake.

"Basi nitaangalia," Povu akasema.

"Kuangalia ni bure. Angalia mpaka uchoke."

Hakuchoka. Kufumua nywele ni kazi ndefu, na mteja hukaa akitazama kioo, na anayemfumua husimama nyuma yake akitazama kioo hicho hicho. Meza ya karata ilikuwa mgongoni kwa Povu, lakini kwenye kioo ilikuwa mbele yake, na karata za mkononi za aliyeupa ukuta mgongo zilifichika, ila za mezani zote zilionekana. Akawa anafungua fundo na kuokota sheria, fundo jingine, sheria nyingine.

Kila mtu anapewa saba. Unaokota moja, unatupa moja. Tatu au zaidi zinazofuatana, za aina moja, tuseme tano, sita na saba za kopa, hiyo ni familia. Zenye namba moja, kama wafalme watatu, hao ni pacha, hata kama wako watatu. Hilo la pacha lilimchanganya, maana alimwona Bibi Harusi akimwaga karata zake mezani kwa furaha, zote pacha tupu, na Rula akazisukuma zikarudi.

"Familia iko wapi? Pacha bila familia wametoka wapi, wameokotwa jalalani?"

Povu akaiweka hiyo kichwani. Akaweka na nyingine: iliyotupwa na mwenzako unaweza kuichukua, ila uitumie palepale, si kuiweka akiba. Na anayemaliza ni aliyezipanga zote saba, ile ya nane akaitupa kifudifudi.

"Dada," mteja akamwambia siku moja, "unanifumua au unanipiga ramli? Mkono umesimama muda mrefu."

"Samahani mama. Fundo gumu."

Siku Bibi Harusi alipokwenda kupimwa gauni, meza ikabaki na watu wawili. Kasuku akatupa karata akapiga mwayo.

"Wawili haichezeki. Ni kama ugomvi wa mke na mume, hakuna wa kushangilia. Povu! Njoo ukae hapo, tukule mbichi."

Povu alifuta mikono kwenye aproni akakaa. Akagawiwa. Karata zake zilikuwa nzuri mpaka akaogopa kuzitazama mara mbili: familia ilikwishakaa, na ree mbili pembeni zikisubiri mwenzao. Rula, aliyekuwa kulia kwake, akafungua mchezo kwa kutupa ree ya pau. Povu akainyakua.

"Wee!" Kasuku alipiga meza. "Zamu yangu hiyo!"

"Si tunakwenda kushoto?"

"Kushoto? Tangu lini? Tangu nizaliwe karata inakwenda kulia!"

Rula alinyoosha kiganja. "Aliyecheza si zamu yake anaweka chini. Toka nje, mdogo wangu."

Walicheka mpaka Kasuku akajifuta machozi. Mteja akaingia, Kasuku akashinda, akampata. Povu akarudi kwenye sinki. Aliosha kichwa akiwa amenuna, akijiuliza ilikuwaje. Alikuwa ameona kwa macho yake. Kila siku, kila mzunguko, karata ilikwenda kushoto.

Ndipo alipoinua macho kwenye kioo akamwona Rula. Rula huvaa saa mkono wa kushoto. Kwenye kioo ilikuwa mkono wa kulia.

Povu aliganda na taulo mkononi. Aligeuka akamtazama Rula mwenyewe, akarudi kwenye kioo, akageuka tena.

"Nina nini usoni?" Rula akauliza.

"Huna kitu, dada."

Mwingine angeona aibu imetosha. Yeye alijiuliza swali moja: kioo kimenigeuzia nini kingine? Kesho yake alifika kabla ya wote, akafungua, akafagia, akazitoa karata kwenye droo. Akagawa kwa watu watatu, na wote watatu walikuwa yeye. Alikaa kiti cha Rula akatupa, akahamia cha Kasuku akaokota, akahamia chake. Kulia, kulia, kulia, mpaka makalio yakaizoea njia. Familia haikugeuka. Pacha hawakugeuka. Ni zamu tu iliyokuwa imegeuka, na sasa ilikuwa imenyooka. Wakati mwingine alijishinda, akajikunjia uso kama Kasuku, akacheka peke yake. Akafanya hivyo asubuhi zote za wiki ile.

Bibi Harusi alipokwenda tena kwa mshonaji, Povu hakungoja kuitwa. Alivuta kiti.

"Amerudi huyu?" Kasuku alisema. "Hukutosheka?"

"Sikutosheka. Gawa."

"Jamani, leo anatoa amri."

Kasuku alikuwa kushoto kwake kama mara ile, na kwa kuwa zamu ilikwenda kulia, karata ya Kasuku ndiyo iliyomfikia. Povu aliinua zake. Wafalme watatu. Tano na sita za uru. Na takataka mbili. Wafalme walimtazama kwa uzuri wao wote, lakini pacha bila familia ni wa jalalani, alijikumbusha. Akatulia. Akaokota, akatupa. Mzunguko ukaja, akaokota nne ya uru. Familia. Uso wake haukusema kitu. Alitupa takataka moja, akabaki na nyingine.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia nesi na sare yake, nywele nyingi kafunga kwa kitambaa.

"Nani ana nafasi? Nataka mistari myembamba, kesho naingia kazini."

"Karibu mama, keti hapo kidogo," Rula akasema. "Tunamalizia kitu."

Mikono ya wote ikaongeza mwendo. Povu akaokota: nane ya uru. Alitaka saba, si nane, au tatu, au mfalme wa nne. Nane haikumfaa kwa lolote. Ila kuitupa ilimfaa. Aliiweka mezani taratibu, uso juu, kila mtu aione.

Rula akaokota, akatupa. Kasuku akaokota, akaguna. Alitazama ile nane, akamtazama Povu, akachomoa karata.

"Uru huzitaki wewe. Haya, chukua na saba yake ukafie mbele."

"Ahsante dada," Povu akasema, akaichukua.

Akashusha nne, tano, sita, saba za uru, moja moja. Akashusha wafalme watatu. Takataka ya mwisho akaitupa kifudifudi.



"Mtu gani anatupa nane akiwa anataka saba?" Kasuku aliuliza, kama anayedai kuibiwa.

Nesi alikuwa ameshasimama. "Kwa hiyo ni nani? Huyu? Huyu si ndiye aliyeniosha kichwa mara ile?"

Kasuku alikuwa tayari kusogea. "Mama, kama huna imani..."

"Keti," Rula akamkata. Alikuwa akizitazama zile karata, akiinamisha kichwa, akizipitia moja moja kutafuta kosa. Hakulipata. "Familia ipo. Pacha wapo. Zamu ilikuwa yake. Mama, kichwa chako ni cha huyu."

Povu alivuta kiti, akamfunga nesi shuka shingoni. Akachanua. Nywele zilikuwa nzito, zenye ubishi. Alichukua mkia wa chanuo akauweka kwenye paji la uso, akavuta mstari wa kwanza kwenda nyuma. Ulinyooka. Akavuta wa pili.

"Huvuti sana," nesi alisema baadaye, kichwa kikiwa nusu.

"Nikivuta sana utaumwa kazini."

Nesi akatoa simu. "Shoga, niko saluni. Hapana, si yule mkubwa. Kuna mwembamba hapa, ndiye ananisuka. Jumamosi njoo, uliza yeye. Unaitwa nani dada?"

"Povu."

"Povu. Ndiyo, kama la sabuni. Usicheke, njoo."

Nyuma yao Kasuku alikuwa akichanganya karata kwa hasira, zikilia kama mvua juu ya bati.

"Povu, tukugawie? Nataka kisasi changu."

Povu alitenganisha nywele kwa kidole, akaushika mstari mwingine.

"Gawaneni wenyewe, dada. Mimi nina mteja."